Taa za Kumwamsha Halvdan

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Nimerudi kutoka kwa daktari wa moyo. Boti ilichelewa kwa sababu ya upepo. Nikakaa dirishani nikala mkate wangu wa jibini la kahawia, kisha nikala na ule niliokuwa nimemfungia Halvdan. Mtu aliyeambiwa nilichoambiwa leo ana haki ya mkate wa pili.

Daktari alikuwa mpole mno. Akazunguka huku, akazunguka kule. Nikamwambia: mwanangu, nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa tangu wewe hujazaliwa. Vidonge ulivyoniandikia navijua, na najua huandikiwa nani. Sema tu, nitaliona jua likirudi Januari? Akatazama kompyuta yake. Kompyuta haikumsaidia. Basi nikaelewa.

Siogopi. Humu naandika peke yangu na kwa ajili yangu, sina wa kumdanganya. Nina miaka themanini na minne. Nimekula, nimecheka, nimezaa, nimezika. Kinachoninyima raha ni Halvdan.

Kila mwaka jua likishuka nyuma ya mlima, lisichomoze tena hadi Januari, mume wangu hushuka nalo. Kijijini wanamjua kwa ucheshi wake, fundi mitambo wa feri aliyeimba kwa sauti kuliko injini. Hao hawamwoni Desemba. Desemba analala hadi adhuhuri, ndevu zinaota, ukimsemesha hajibu. Anayemtoa humo ni mimi. Kwa kahawa, kwa matusi madogo madogo, kwa kumvua blanketi. Miaka hamsini na sita! Mwakani nani atalivuta hilo blanketi?

Nimemkuta gatini ananingoja, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. "Wamesemaje?"

"Wamenipa vidonge vipya."

Kweli tupu. Lakini nikimwambia yaliyobaki sasa hivi, jua lenyewe linakwenda, atazama leo na hatoki tena. Nitangoja.

Nimeamua jambo moja: natafuta taa. Taa zitakazofanya kazi yangu nikiwa sipo.

Na kwa kuwa wakati wenyewe ni wa kuungama, niungame na hili ambalo sijamwambia kiumbe: mimi giza nalipenda. Ndiyo! Miezi isiyo na jua ndiyo miezi yangu. Ule ubuluu wa adhuhuri, theluji na bahari na mbingu rangi moja, na kimya chake. Huku kwetu kusema hivyo ni sawa na kusema huipendi Krismasi. Kila Januari nimepanda kilimani na wenzangu kulipokea jua, nikala maandazi ya jua, nikapiga makofi. Moyoni nilikuwa naaga mgeni niliyempenda.

Haya, nimeshaandika. Kalamu haikuvunjika.


Jumatano, 6 Novemba

Nimekwenda kwa Jarle. Duka lake lina misumari, buti, ndoana, na rafu moja ya balbu. Jarle akishaanza kueleza kitu, hata asichokijua hukijua.

"Mama Dawa! Karibu. Unataka mwanga gani, wa njano au mweupe?"

"Nataka wa kumtoa mwanamume kitandani."

"Huo sina. Ungekuwepo, mke wangu angeshanunua boksi zima."

Aslaug alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Foleni yenyewe ni mimi na yeye. Aslaug ni jirani yangu tangu sote tulipokuwa na viuno. Akaingilia, kama kawaida: dada yake aliweka jikoni balbu nyeupe kali kuliko zote, huzuni ikamtoka, na kabla ya Pasaka akapata bwana.

"Bwana ninaye," nikasema.

"Basi chukua moja," akasema Jarle. "Anayechukua mbili ni yule asiye naye."

Tumeifunga jioni ileile. Halvdan kapanda kwenye kiti, mimi nimemshika kifundo cha mguu. Angeanguka ningefanya nini, sijui! Kawasha. Yesu wangu. Kila ufa, kila tone la kahawa lililorukia ukutani tangu tulipooana. Uso wake kama wa samaki juu ya barafu, na wangu bila shaka vilevile. Tukatazamana.

"Mama," akasema, "nipe aproni na kisu. Shifti inaanza saa ngapi?"

Kiwanda cha samaki kabisa! Nilicheka hadi nikakaa. Tumerudisha balbu ya zamani. Kwa hiyo: mwanga mkali wa darini unaamsha, lakini hakuna atakayetaka kukaa chini yake. Kesho Aslaug ataniuliza kama bwana wa pili ameshafika.


Jumamosi, 9 Novemba

Leo kazi imekwenda vizuri. Sebuleni nimeachana na taa ya darini. Badala yake ndogondogo, kila moja kimo chake: moja mezani kando ya kiti cha Halvdan, yenye kitambaa cha rangi ya asali, moja sakafuni nyuma ya kasha, mwanga wake upande ukutani, mbili madirishani, moja ndani ya kabati la vioo, glasi za mama zipate kung'aa. Mimi ninaelekeza kwa fimbo, yeye anabeba. Nikisimama kutafuta pumzi anadhani natafakari.

"Kimya," anamwambia paka wa Aslaug, aliyeingia bila kualikwa. "Bibie anapima."

Nikamwacha adhani hivyo.

Synnøve kapiga simu kutoka Trondheim. Binti yetu huyu ana dawa ya kila kitu ilimradi iuzwe mtandaoni. "Mama, mnunulie ile taa ya daktari. Mtu anakaa mbele yake nusu saa akinywa chai, ubongo unadhani kumekucha."

"Ubongo wa baba yako haudanganyiki kirahisi."

"Nimeshaiagiza, mama."

Halvdan alikuwa anasikiliza. Akakohoa kikohozi cha mtu mwenye siri. "Nyinyi mna taa yenu. Na mimi nimeagiza yangu. Nimeiona kwenye simu. Inaitwa nguvu ya majira ya baridi."

Kaagiza mwenyewe! Mwezi wa Novemba! Nimelala na furaha.


Alhamisi, 14 Novemba

Juzi tumeliona jua mara ya mwisho, ukingo mwembamba juu ya ghuba, kisha basi. Aslaug alilipungia kwa kitambaa cha vyombo. Mimi nilipunga pia. Mnafiki.

Vifurushi vimekuja vyote viwili na boti ya asubuhi. Taa ya daktari ni kibao cheupe, kinasimama mezani kama kitabu kilichofunguliwa, mwanga wake safi na mwingi. Nzuri. Nimeipa nafasi kati ya sufuria ya jemu na redio.

Kisha ya Halvdan. Vijitaa vingi kwenye mkono mrefu unaopinda. Akaichomeka kwa heshima zote, akakaa chini yake, akafumba macho.

Zambarau.

Namaanisha chumba kizima. Mapazia zambarau, paka zambarau, mume wangu kama amepikwa ndani ya bluberi. Nikavaa miwani nikasoma kikaratasi. Taa ya mimea! Ya kuoteshea nyanya na letasi chumbani majira ya baridi.

"Halvdan. Hii ni ya mboga."

Hakufumbua macho. "Nahisi kitu."

"Unahisi nini?"

"Majani yanachomoza."

Hataki kuirudisha. Kaiweka kwenye dirisha la sebule linalotazama ghuba, juu ya vyungu vyake vya jeraniamu. Anasema kama haitamfaa yeye, maua yatamsaidia kuimaliza.


Jumapili, 17 Novemba

Aslaug kapiga simu, kanong'ona ingawa yuko peke yake nyumbani kwake. Kijiji kizima kinaliona dirisha letu. Hata ng'ambo ya ghuba wanaliona. Kila mtu hapa anajua mwanga wa zambarau ndani ya nyumba unaotesha nini. Majani gani ya kuvuta. "Gudny," anasema, "mimi sihukumu. Wewe ni mtu wa dawa. Lakini vuteni pazia!"

Jarle, nje ya kanisa, mbele ya watu: "Mzee Halvdan, kwa gramu unauzaje?"

Na mzee wangu, badala ya kukana, kajibu: "Waliostaafu nawapunguzia."


Jumanne, 19 Novemba

Polisi kaja! Afande Torbjørn kutoka ng'ambo, mtu mzima mwenye tumbo lake. Kasema alikuwa anapita tu. Anapita kwenda wapi? Baada ya nyumba yetu ni jiwe na bahari. Na ili upite hapa lazima upande feri.

Nikamtengea kahawa. Akakaa upande unaoona sebule, shingo ndefu kama bata mzinga. Halvdan akamwacha ateseke kidogo. Akazungumzia hali ya hewa. Akazungumzia feri mpya na injini zake zisizo na adabu. Mwisho afande akaweka kikombe.

"Mzee Halvdan, nisamehe. Watu wanasema unalima."

"Nalima."

"Unalima... nini?"

Halvdan akainuka polepole, akamshika mkono, akampeleka dirishani kama mtu anayepelekwa kumwona mtoto mchanga. Jeraniamu, vyungu vinne, vyekundu. Afande akainama. Akanusa! Akasugua jani, akanusa tena vidole. Kisha akacheka hadi kofia ikaanguka ndani ya chungu.

Kaondoka na tawi la kuotesha, ndani ya glavu. Kabla ya saa kumi jirani watano walikuwa mezani, kila mmoja anataka asimuliwe mwanzo. Halvdan kasimulia mara zote. Kila mara afande alizidi kunenepa.

Kasinzia saa mbili usiku, anatabasamu. Sasa mimi kama mfamasia nina shida. Mgonjwa amepewa dawa mbili kwa pamoja, zambarau na wageni. Iliyofanya kazi ni ipi? Wageni siwezi kumwachia kwenye boksi, na maelekezo ya matumizi.


Jumatatu, 25 Novemba

Imekuja. Kila mwaka najidanganya kwamba haitakuja.

Hakuamka. Nimewasha taa ya daktari mezani, chai, mkate, redio. Kimya juu. Nimepanda ngazi. Ngazi ile! Nimekaa katikati yake kama mtoto aliyefukuzwa mezani, nangoja moyo unikute.

Kageukia ukuta. "Niache, mama."

Nimelivuta blanketi. Mkono haukuwa na nguvu. Blanketi halikusogea hata kidogo, naye hakujua kama ninavuta.

Nimeshuka kwa makalio, ngazi kwa ngazi. Nje kulikuwa kama ninavyopenda, buluu hadi upeo, kunguru mmoja. Nimeona aibu kufurahi. Lakini nimefurahi. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote: yeye juu amezama, mimi chini dirishani na kikombe changu, nimejaa. Nitamwambiaje hilo?


Jumapili, 1 Desemba

Majilio, Jumapili ya kwanza ya kungoja Krismasi. Leo ndiyo ruhusa ya kuweka nyota dirishani na kinara cha mishumaa saba ya umeme. Mmoja hapa aliweka Alhamisi, sitamtaja. (Aslaug.) Watu wamepita mbele ya nyumba yake wakitikisa vichwa.

Nimekichomeka kinara. Giza. Nikakizungusha, nikakipiga kofi. Giza. Nikakiacha mezani makusudi, nikaenda chini ya ngazi nikasema kwa sauti ya kujisemea: "Basi mwaka huu dirisha letu litakaa tupu. Sijui watu watasemaje."

Baada ya muda, miguu kwenye ngazi. Soksi zisizofanana, ndevu za wiki. Hakunitazama. Akakaa, akatwaa bisibisi, akaanza kujaribu balbu moja moja. Vidole vyake havijawahi kuzama, vyenyewe viko Juni mwaka mzima.

"Ni hii," akasema. Maneno ya kwanza tangu juzi. Akaniinulia kibalbu cheusi. "Na usiache hivi hivi siku nyingine. Hizi zinagawana umeme. Moja ikifa, ama zote zinazima kama leo, ama zilizobaki zinabeba mzigo wake, zinaungua upesi. Unabadilisha siku ileile."

Nikasema, "Sawa, mzee." Nikajishughulisha na mapazia.

Madirisha yote ya kijiji yanawaka sasa. Kakaa nami hadi kahawa ikaisha, kisha akapanda tena.


Jumanne, 10 Desemba

USHINDI!

Synnøve katuma dawa nyingine: taa ya kuamsha. Inaanza kama kaa la moto, inakua polepole hadi asubuhi kamili, na mwisho ndege anaimba. Ndege gani, Mungu anajua. Wa msitu wa mbali, mnene, mwenye kujipenda. Siku ya kwanza kando ya kitanda: Halvdan kaifunika kwa sweta. Siku ya pili kaifungia drooni. Ndege akaimba ndani ya droo, katikati ya soksi, Halvdan akalala.

Nikafikiri kama mtu wa dawa. Dawa haina kosa, kosa ni inapowekwa. Basi jana nimeishusha jikoni, nimeiweka juu ya kabati la vyombo, mahali nisipofika mimi, anapofika yeye tu. (Aslaug ndiye aliyepanda, kwa kuapishwa asiseme.) Sauti nimefungua yote.

Leo asubuhi, mwanga umeanza kupanda ngazini kama maziwa. Kisha yule ndege! Mlango ukatetemeka. Nikajifanya nimelala.

"Gudny! Nyamazisha kuku wako!"

"Siifikii, mzee. Iko juu."

Matusi. Matusi mazuri, marefu, ya chumba cha mitambo, sijayasikia tangu Oktoba. Akashuka akipiga kila ngazi. Ndege akazimwa. Nikangoja arudi. Hakurudi. Nikasikia maji. Nikasikia kopo la kahawa. Mtu akishashuka ameshashuka, na kule chini kuna joto na taa ya daktari inawaka mezani, nusu ya kazi imeshafanyika.

Kanywa chai mbele yake. Kageuza uso mara mbili, kaurudisha. Kanyoa!

Kwa hiyo ni hivi: ndogondogo sebuleni jioni, kibao cheupe asubuhi, na ndege juu ya kabati. Nimepata. Naweza kwenda.


Ijumaa, 13 Desemba

Imetoka. Si mimi niliyeitoa.

Nesi Marit kaja kunipima. Miguu yangu imevimba kama mkate uliozidishwa hamira. Ni mtu mwema, anaongea huku anafanya. Halvdan yupo, anasoma gazeti la juzi, na Marit anasema: "Bibi Gudny, tumefikiri kitanda cha hospitali tukiweke hapa sebuleni, karibu na dirisha, usihangaike na ngazi wiki hizi zilizobaki."

Gazeti likashuka.

"Zilizobaki za nini?" akauliza Halvdan.

Marit akanitazama. Alidhani mume wangu anajua. Maskini, akawa mwekundu kuliko jeraniamu. Nikamwambia aende, nikamwambia hakukosea.

Halvdan katoka bila kofia. Nikamwona kwenye mwanga wa nyota ya dirishani, kasimama kando ya banda la boti, hafanyi kitu. Nikafikiri: ndiyo, anazama sasa hivi mbele ya macho yangu, na mimi siwezi hata kufungua mlango.

Karudi na theluji masikioni. Akakaa.

"Tangu lini?"

"Novemba. Siku ya boti."

Akazungusha macho chumbani polepole. Taa ya asali. Ya sakafuni. Za madirishani. Kibao cheupe. Akatazama juu ya kabati, kwa ndege.

"Kwa hiyo hizi zote..."

"Ndiyo."

"Gudny Isaksen. Umekuwa unaniozesha kwa taa!"

"Nilitafuta yenye tabia nzuri."

"Na ukanichagulia kuku!"

Tukacheka. Ndivyo tulivyoanza, kwa kucheka, kisha kikawa kitu kingine, kisha tukacheka tena, na kitambaa kilikuwa kimoja tukagombania. Mwisho kaniuliza kama kuna jingine nililomficha. Nikasema ninachoka, tulale. Muoga mkubwa mimi. Kubwa limeshatoka, hili dogo la giza limenishinda.


Jumamosi, 21 Desemba

Siku fupi kuliko zote, na kwetu siku yenyewe haipo. Niko kwenye kitanda cha hospitali sebuleni. Kina vitufe. Napanda na kushuka kama lifti.

Na Halvdan? Anaamka kabla ya ndege. Kabla! Anashuka kwa vidole vya miguu, anamzima asije akaniamsha. Hivyo ndege haimbi tena. Nilivyompigania yule ndege, sasa hana kazi.

Ananyoa kila siku. Anapika uji, unaungua, tunaula. Kisha anawasha. Zote. Nyota, kinara, asali, kabati, madirisha, hata ile zambarau, na kibao cheupe kakileta hapa kwenye kitanda changu, karibu na pua.

"Haya, bibie. Nusu saa. Usigeuze uso." Sauti ni yangu. Maneno ni yangu.

"Mnaonekana hadi ng'ambo kama meli ya watalii," anasema Aslaug. "Na mwanga umekuingia mashavuni, Gudny!"

Ni homa, Aslaug.

Nafumba macho, navumilia. Taa zote zikiwaka, vioo vya dirisha vinakuwa vyeusi. Ninajiona mimi, kitanda, Halvdan mwenye sahani. Buluu iko nyuma ya kioo, hatua moja, na sioni. Ni adhuhuri, iko pale, najua saa yake, na ninaona mashavu yangu tu!

Kwa nini sisemi? Kwa sababu kazi hii ndiyo inayomsimamisha. Nikisema zima, atashika nini? Na nikisema zima lazima niseme kwa nini. Kwamba miaka hamsini na sita yeye alipokuwa chini kabisa, mimi nilikuwa na raha. Mtu anaambiwaje hivyo na mke wake, tena aliye kwenye pumzi za mwisho?

Basi navumilia. Mashavu yanang'aa.


Jumatatu, 23 Desemba

Mkesha mdogo wa Krismasi, kama tunavyoiita huku siku hii. Pumzi fupi leo, nitaandika kidogo kidogo. Synnøve anafika na boti ya jioni, kama bahari itakubali.

Jarle kaja mwenyewe hadi kitandani na biskuti za tangawizi na kitu cha Halvdan ndani ya mfuko. Wamenong'onezana jikoni. Halvdan akazima umeme, akaniomba radhi kwa giza — akaniomba radhi! — akalala chini ya meza na nyaya. Nilikuwa na giza langu robo saa nzima. Nililinywa kama mtu aliyetoka jangwani. Buluu yote, hadi visiwani. Feri ndogo inavuka, taa yake moja.

Kisha akarudisha umeme. Kafunga swichi ya kuzungusha: taa zote za sebule kwenye kitufe kimoja, kushoto zinapungua, kulia zinaongezeka. Anajivuna. Kavuta kiti akakaa kando yangu, akaanza kuijaribu.

Juu. Kioo cheusi, mashavu.

Chini. Buluu ikaingia.

Nilitoa sauti. Sikukusudia.

"Umeumia?"

"Hapana."

Akainua tena. Hakuwa anatazama taa, alikuwa ananitazama mimi. Akashusha. Akanitazama. Juu, chini, polepole, kichwa kimeinama upande mmoja. Nakijua kichwa hicho. Ndivyo alivyokuwa akisikiliza injini: gusa kitu kimoja, sikiliza, kirudishe, sikiliza. Injini haikuwahi kumficha kitu.

Akaiacha katikati.

"Mimi nimeshaamka, Gudny," akasema. "Nimenyoa, nimekula uji wangu mwenyewe, unaniona. Sasa sema wewe unataka nini. Niongeze au nipunguze?"

Nimemwambia angoje kwanza nimalize sentensi hii. Anangoja. Vidole viko kwenye swichi. Kasema tena, kwa sauti ya chini, nimjibu kweli, yeye si mtoto. Nje imebaki nusu saa ya ule mwanga wa buluu, labda pungufu, na sentensi yenyewe nimeshairefusha kadiri inavyorefuka